Bima ya nyumba Dar es Salaam: benki, wakala au dalali, na pale kila mlango unapovuja

Ukishanunua nyumba Goba au Kigamboni, fedha imekwenda kwa muuzaji, kwa mwanasheria, kwa mthamini na kwa TRA, na bima huwa karatasi ya mwisho kabisa kusainiwa. Kwa kawaida husainiwa bila kusomwa. Kwa nyumba ya kati inagharimu kwa mwaka pungufu ya seti moja nzuri ya sofa, na ndiyo maana watu hawaihangaikii. Tathmini hii ni ya huduma hiyo kama inavyouzwa Dar kwa mnunuzi anayehamia: bidhaa yenyewe, milango mitatu ya kuinunulia, na mambo yanayofanya dai likataliwe wakati mwenye nyumba anaamini amekamilisha kila kitu.

Hukumu yetu kwa ufupi: bidhaa ni nzuri, bei yake ni ya haki, lakini namna inavyouzwa kwa wanaokopa benki ni mbovu. Tatizo kubwa halipo kwenye ada. Lipo kwenye tarehe ya kuanza na kiasi kilichoandikwa kwenye hati.

Kinachouzwa

Karibu kampuni zote zinauza kitu kilekile kwa majina tofauti: kifurushi cha bima ya makazi chenye sehemu tano au sita. Ya kwanza ni jengo, yaani kuta, paa, dari, vigae, mabomba, nyaya na makabati yaliyojengewa ukutani. Ya pili ni vitu vya ndani, kila unachopakia kwenye kenta siku ya kuhama. Ya tatu ni ya vitu vinavyotoka nje ya geti: kompyuta mpakato, simu, kamera, saa. Halafu kuna ya wafanyakazi wa nyumbani wakiumia kazini, na ya dhima, yaani hasara unayomsababishia mtu mwingine, pale tenki lako la maji linapodondoka kutoka kwenye mnara hadi juu ya gari la jirani. Hii ya mwisho watu huipuuza kwa sababu ada yake ni ndogo, na kwa kweli ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote ukilinganisha na unacholipa.

Si lazima ununue sehemu zote. Ila ujue kwamba unapoambiwa "nyumba ina bima", mara nyingi kilichokatiwa ni sehemu ya kwanza peke yake. Friji, televisheni na vitanda havimo.

Tarehe

Bima ya muuzaji haihami na nyumba. Ni mkataba kati yake na kampuni yake, na bila kampuni hiyo kukubali kwa maandishi kukuhamishia, maneno ya dalali wa nyumba kwamba "hii ina bima mpaka Desemba" hayana uzito wowote. Siku muuzaji anapopokea fedha yake yote, maslahi yake kwenye jengo yameisha, na bima yake imebaki ganda tupu.

Kwa upande wako, tatizo ni kwamba uhamisho wa hati huchukua muda. Mkataba wa mauziano umesainiwa, fedha imelipwa, funguo umepewa, lakini hati miliki bado ina jina la muuzaji kwa wiki au miezi. Baadhi ya wauza bima husema subiri hati itoke kwa jina lako. Usisubiri. Kampuni ya bima haihitaji uwe umesajiliwa. Inahitaji uwe na maslahi kwenye mali hiyo, yaani uwe mtu atakayepata hasara ikiungua. Mkataba wa mauziano uliosainiwa mbele ya wakili na uthibitisho wa malipo ya benki vinatosha. Omba kwenye hati uandikwe kama mnunuzi chini ya mkataba wa mauziano wa tarehe hiyo, kisha jina lisahihishwe kwa nyongeza ya hati usajili ukikamilika.

Kabla ya hapo, rudi kwenye mkataba wenyewe utafute kifungu kinachosema nani anabeba hasara kati ya kusaini na kukabidhiwa funguo. Mikataba mingi ya kurasa mbili haina kifungu hicho. Kama hakipo, mwambie wakili akiweke, na tarehe ya bima yako ianze siku ileile kifungu kinapokutupia mzigo. Kama muuzaji ameomba akae siku 30 baada ya mauzo akitafuta pa kwenda, kampuni iambiwe kwamba anayeishi humo kwa sasa si wewe.

Jambo la pili la tarehe ni malipo. Chini ya Sheria ya Bima ya 2009, kampuni haibebi hatari kabla haijapokea ada. Hakuna "nianzishie Jumatatu, nitalipa mshahara ukitoka". Wanaolipa wenyewe huliona hili mara moja. Wanaokopa hawalioni, kwa sababu benki hukata ada kwenye mkopo na kuituma yenyewe, na kati ya siku ya kukatwa na siku kampuni inapotoa kavanoti, yaani karatasi inayothibitisha kwamba bima imeanza, kunaweza kupita siku kadhaa ambazo kila mtu anadhani bima ipo. Omba nakala ya kavanoti, soma tarehe na saa ya kuanza, kisha hakiki namba yake kwenye mfumo wa TIRA MIS wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima. Ni kazi ya dakika mbili kwenye simu. Kavanoti isiyoonekana kwenye mfumo isikupe usingizi mpaka muuzaji wa bima aeleze kwa nini.

Kiasi

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo tukae kidogo.

Bei uliyonunulia si kiasi cha kukatia bima. Bei ina kiwanja ndani yake, na kiwanja hakiungui. Kinachokatiwa bima ni gharama ya kulijenga jengo lile upya leo, pamoja na mambo ambayo hakuna anayeyakumbuka: kubomoa mabaki na kuondoa kifusi, ada ya msanifu na mhandisi, kibali cha ujenzi, ukuta wa uzio, geti, kibanda cha mlinzi, karo la maji taka, mnara wa tenki, pampu ya kisima, sola juu ya paa. Ukuta wa uzio wa kiwanja cha kawaida peke yake ni mamilioni. Usipotajwa kwenye maelezo ya jengo, kampuni ina haki ya kusema haujakatiwa.

Kwa mkopo, benki huagiza ripoti ya mthamini. Ripoti hiyo huwa na thamani ya soko na thamani ya mauzo ya haraka, yaani ile ambayo benki ingeipata kama ingelazimika kupiga mnada. Zote mbili hazifai kwa bima. Muombe mthamini, kabla hajatoka eneo la nyumba, aongeze mstari wa gharama ya kujenga upya. Wengi huongeza bila malipo ya ziada kwa kuwa vipimo vya jengo tayari wanavyo. Usipomuomba, benki itachukua namba iliyo karibu, na namba iliyo karibu ni kiasi cha mkopo.

Tuone matokeo yake. Nyumba imenunuliwa kwa shilingi milioni 220. Kiwanja kina thamani ya milioni 60, na jengo pamoja na uzio vingegharimu milioni 160 kujengwa upya. Mkopo ni milioni 90, na benki imekata bima ya jengo kwa milioni 90. Mtungi wa gesi unavuja, jiko na nusu ya paa vinaungua, na gharama ya kurudisha ni milioni 24. Mwenye nyumba anasema: hasara ni milioni 24, bima ni ya milioni 90, sina wasiwasi. Kampuni inatumia kanuni ya uwiano. Umekatia 90 katika 160, kwa hiyo inalipa 24 mara 90 gawanya kwa 160, yaani milioni 13.5. Kama ekses, ile sehemu ya hasara unayobeba mwenyewe, ni asilimia 10 ya dai, inaondoka milioni 1.35. Unabaki na milioni 12.15 kwa kazi ya milioni 24.

Hakuna aliyekudhulumu hapo. Umelipia zaidi kidogo ya nusu ya nyumba, umelipwa zaidi kidogo ya nusu ya hasara. Na kwa kuwa benki imeandikwa mnufaika wa kwanza, inaweza kutaka fedha hiyo ipitie kwake kabla fundi hajanunua bati moja.

Tofauti ya ada kati ya milioni 90 na milioni 160 ni ndogo mno kuliko watu wanavyodhani. Chukua viwango vya mfano: jengo asilimia 0.2, vitu vya ndani asilimia 1, vitu vya kubeba asilimia 3. Jengo la milioni 160 ni shilingi 320,000. Vitu vya ndani vya milioni 25 ni 250,000. Kompyuta na simu za milioni 4 ni 120,000. Jumla 690,000, na ukiongeza VAT kwa kiwango cha kawaida cha asilimia 18, yaani 124,200, unafika 814,200 kwa mwaka. Kulipandisha jengo kutoka 90 hadi 160 kumekula 140,000 tu kabla ya VAT. Viwango vyenyewe hubadilika kwa kampuni, mahali na aina ya paa, lakini uwiano wa sehemu hizi huwa hivyohivyo: jengo ni rahisi, vitu ni ghali.

Anayenunua Nairobi au Mombasa ataona ankara tofauti. Kenya bima haitozwi VAT, ila huongezwa ada ya mafunzo ya asilimia 0.2, mchango wa mfuko wa kuwalinda wenye bima wa asilimia 0.25 na stempu ya shilingi 40. Kwenye ada ya shilingi za Kenya 40,000 nyongeza yote ni 220. Hapa kwetu VAT ndiyo inayouma, na haikwepeki.

Milango mitatu

Benki. Kasi yake haina mpinzani: fomu ya mkopo na fomu ya bima zinasainiwa meza moja, fedha inakatwa, mambo yameisha. Kasoro tumeshaitaja: bima hiyo imeundwa kulinda mkopo. Vitu vya ndani havimo, dhima haimo, na fomu ya maombi hujazwa na afisa wa mkopo ambaye hajawahi kuiona nyumba. Anaandika "tofali na bati" kwa sababu ndivyo nyumba nyingi zilivyo. Kama nyuma kuna banda la makuti la kupumzikia lililopakana na paa kubwa, au fremu mbili za duka zinazotazama barabara, kosa hilo ni lako, maana sahihi iliyo chini ni yako. Makuti kampuni nyingi huyatoza zaidi au huyakataa. Saluni au mama lishe kwenye fremu hubadilisha matumizi ya jengo.

Usichanganye pia bima mbili ambazo benki hukata kwa pamoja. Moja ni ya jengo. Nyingine ni ya maisha ya mkopaji, inayolipa deni akifariki au akipata ulemavu wa kudumu. Ya pili haijengi hata choo. Tunaitaja kwa sababu swali la "mbona nilikatwa bima kubwa halafu nyumba haina?" jibu lake huwa hapo.

Ukienda na benki, fanya mambo mawili. Dai kiasi kipandishwe hadi gharama ya kujenga upya, hata kama mkopo ni mdogo. Kisha uliza kwa maandishi kama inakubali ulete bima yako mwenyewe kutoka kampuni nyingine, benki ikiandikwa mnufaika wa kwanza. Zikikubali, mara nyingi huwa na orodha ya kampuni wanazozipokea. Usikate ya pili kimyakimya juu ya ile ya benki: kampuni mbili zitagawana hasara moja, hazitalipa mara mbili, na utakuwa umelipa ada mara mbili bure.

Wakala. Huyu anafanya kazi kwa niaba ya kampuni. Si kosa, ila ukimuuliza "ipi nzuri?" ujue anajibu kutoka kwenye kabati lake. Kwa nyumba isiyo na mambo mengi, ya tofali na bati, unayoishi mwenyewe, isiyo bondeni, wakala mzuri wa karibu anatosha kabisa na huja kuiona nyumba. Lipia kwenye akaunti ya kampuni. Ada inayotumwa kwenye namba ya simu ya mtu binafsi ni mwanzo wa kavanoti ambazo hazipo kwenye mfumo.

Dalali wa bima. Kisheria anakuwakilisha wewe, analinganisha kampuni kadhaa, na kamisheni yake inatoka ndani ya ada, kwa hiyo hulipi zaidi. Thamani yake huonekana siku ya dai, anapojua nani wa kumpigia na neno gani kwenye hati linabishaniwa. Kasoro yake ni moja na madalali wenyewe hawaipendi kuisikia: kamisheni ya ada ya laki nane haiwasisimui madalali wakubwa, na nyumba yako itasubiri nyuma ya kiwanda cha mtu. Tafuta dalali wa kati. Kwa nyumba yenye wapangaji, makuti, ukarabati au bonde, sisi tungemchagua huyu bila kusita.

Anayetaka takaful, yaani bima inayofuata misingi ya Kiislamu, badala ya bima ya kawaida ataikuta sokoni pia. Mfuko unaendeshwa kwa michango na ziada hushughulikiwa kwa utaratibu wake, lakini maswali yote ya tarehe na kiasi yanabaki palepale.

Maji

Mafuriko ya Desemba 2011 yaliwafundisha wakazi wa bonde la Msimbazi, na kila masika tangu hapo imekuwa ikirudia somo. Kwenye hati, mafuriko, tufani na tetemeko huwa chini ya kundi la majanga maalumu, wakati mwingine ndani ya kifurushi, wakati mwingine kama nyongeza inayolipiwa. Uliza moja kwa moja: mafuriko yamo? Ekses yake ni ileile ya moto au kubwa zaidi? Mara nyingi ni kubwa zaidi.

Halafu soma vitu vinavyotolewa. Maji yanayopanda kutoka chini ya sakafu, mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, kwa kawaida hayahesabiwi kuwa mafuriko. Maji yanayoshuka kupitia bati lililotoboka ni uchakavu. Na cha ajabu kwa jiji hili: hati nyingi huondoa kuta za uzio na mageti kwenye hasara ya tufani na mafuriko, ilhali ukuta ndio kitu cha kwanza kulala mvua ikizidi. Kama uzio wako umeushika udongo wa mteremko, lipia nyongeza au ujenge mashimo ya kupitishia maji ukijua hakuna wa kukulipa. Mnunuzi wa Bukoba aangalie tetemeko, maana lile la 10 Septemba 2016 halijasahaulika. Aliye chini ya mlima aulize kuhusu maporomoko ya udongo kwa jina lake, kwa kuwa yanaweza kuwa yametolewa hata pale mafuriko yalipowekwa. Hanang ya 3 Desemba 2023 ilikuwa tope, na tope ni neno jingine kwenye hati.

Na kuna vitu ambavyo hakuna kampuni itakayokulipa: nyumba iliyopigwa alama ya X nyekundu kwa kuwa ndani ya hifadhi ya barabara, iliyojengwa ndani ya mita 60 za mto au bahari kinyume cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, au kiwanja kilichouzwa kwa watu wawili. Bima ya nyumba hailindi hati. Hayo ni ya wakili na ofisi ya ardhi, kabla ya kulipa.

Wizi, na wiki ya kuhamia

Kifungu cha wizi kinadai dalili za kuvunja: kitasa kilichong'olewa, grili iliyokatwa, dirisha lililopasuliwa. Sasa fikiria nyumba uliyoinunua jana. Funguo wanazo muuzaji, dalali, fundi wa muuzaji, na dada aliyefanya kazi hapo miaka mitatu iliyopita. Mmoja wao akiingia kwa ufunguo, hakuna kilichovunjwa, na dai halina mguu wa kusimamia. Badilisha vitasa vyote vya nje na kufuli la geti siku ya kwanza, na utunze risiti. Hakuna fedha ya kuhamia inayofanya kazi kubwa kuliko hiyo.

Ukiandika kwenye fomu kwamba kuna mlinzi wa usiku, fensi ya umeme na kengele, hayo yanageuka masharti. Mlinzi akiacha kazi mwezi wa tatu na hukutoa taarifa, ahadi yako imevunjika. Andika kilichopo. Wizi wa mfanyakazi wa ndani huwa umetolewa au umewekewa kikomo, uliza.

Safari ya kenta nayo. Vitu vya ndani hulindwa vikiwa ndani ya nyumba iliyotajwa. Kati ya Tabata na Goba havipo kwenye nyumba yoyote. Omba nyongeza ya usafirishaji ya siku hiyo, na upakiaji wa televisheni na friji ufanywe na watu wanaojua, kwa sababu kioo kilichopasuka kwa kufungwa vibaya huwa hakilipwi hata nyongeza ikiwepo.

Kabla vitu havijapangwa, piga picha kila chumba na kila namba ya utambulisho nyuma ya kifaa. Kuna kikomo cha kitu kimoja, mara nyingi asilimia fulani ya jumla, kwa hiyo televisheni ya milioni 4, cherehani ya kazi au mkufu wa dhahabu vitajwe kwa jina. Vitu vya Kariakoo vilivyonunuliwa bila risiti ya EFD si kwamba havilipwi, ila utabishaniwa bei.

Nyumba tupu na mafundi

Wanunuzi wengi hawahamii mara moja. Wanapaka rangi, wanabadilisha vigae, wanaongeza chumba. Hati nyingi husimamisha sehemu ya ulinzi, hasa wizi na maji ya mabomba, nyumba ikikaa tupu zaidi ya siku 30 mfululizo. Fundi anayelala humo hahesabiwi kuwa mkazi. Toa taarifa kabla siku hazijatimia, na kampuni inaweza kukuongezea kwa sharti la mlinzi, kufunga maji kwenye mita na kuzima umeme usiku.

Kupaka rangi hakubadilishi kitu. Kung'oa paa, kuvunja ukuta unaobeba au kuchomelea grili karibu na dari ya mbao hubadilisha. Kazi kubwa inahitaji bima ya ukandarasi, na anayepaswa kuileta ni mkandarasi. Fundi wa mtaani hana. Basi bei yake nafuu ina hatari ya moto ndani yake, nawe ndiye unayeibeba.

Umeme: moto uliosababishwa na shoti hulipwa, lakini kifaa chenyewe kilichopata shoti mara nyingi hakilipwi. Friji zinazokufa umeme unaporudi kwa kishindo zinahitaji nyongeza ya mtikisiko wa umeme, na hata hapo kampuni inaweza kuuliza kama kulikuwa na kilinzi cha friji. Kwa nyumba ya zamani, mlete fundi mwenye leseni ya EWURA akague nyaya na aache cheti. Baada ya moto, cheti hicho kinafunga mjadala wa nyaya mapema.

Ghorofani

Kwa fleti, jengo si lako peke yako. Chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya 2008, bima ya jengo zima ni kazi ya chama cha wamiliki, na unailipia ndani ya mchango wa huduma. Kenya ni hivyohivyo chini ya sheria yao ya 2020. Omba nakala ya hati kabla ya kununua na uangalie vitu viwili: tarehe ya mwisho na kiasi. Vyama vingi huhuisha kiasi kilekile mwaka hadi mwaka wakati saruji na nondo zimepanda, na kanuni ya uwiano itawagusa wote. Wewe kata vitu vya ndani, maboresho uliyoweka, na dhima. Bomba la mashine ya kufulia likichomoka ghorofa ya tano, dari ya ghorofa ya nne ni deni lako.

Siku ya hasara

Moto: piga 114, zima umeme, toa watu. Wizi: RB ya polisi siku hiyohiyo. Kisha taarifa ya maandishi kwa kampuni, hata ya barua pepe, ndani ya muda uliotajwa kwenye hati, ambao unaweza kuwa siku chache tu. Funika paa kwa turubai, kausha maji, lakini usitupe kitu na usianze ujenzi kabla mtathmini wa hasara hajafika. Kifusi kilichosombwa ni ushahidi uliosombwa. Baada ya moto utaombwa pia ripoti ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa hiyo waulize mapema inatolewa ofisi gani. Andaa makadirio kutoka kwa mafundi watatu, yenye vipimo na idadi, si jumla peke yake.

Angalia kama hati inalipa kipya kwa cha zamani au inatoa uchakavu. Bati la miaka 15 likikatwa uchakavu, hakuna kitakachobaki cha maana. Na hati ya kukubali malipo ikifika mezani, ujue sahihi yako inafunga dai lote. Kama kiasi hakilingani na makadirio, usisaini. Jibu kwa maandishi ukionyesha mstari kwa mstari. Kampuni ikikaza, ngazi inayofuata ni TIRA, kisha Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambako unaweza kwenda bila wakili.

Bima hii ni ya miezi 12. Benki huhuisha yenyewe kwa kukata akaunti, kwa kiasi kilekile cha mwaka jana. Salio likiwa pungufu siku hiyo, bima inaweza kukatika bila mtu kukupigia simu. Weka kumbusho siku 30 kabla, na siku hiyo umpelekee mtu wa benki namba mpya ya gharama ya kujenga upya, pamoja na chumba ulichoongeza na ukuta uliomaliza mwezi uliopita.